Mrejesho: hadithi yangu ya kaka mkubwa

Wapendwa, niliuliza namna ya kuandika hadithi itokanayo na imani bila kugeuka mahubiri. Mmoja wenu akaniambia nirudi Luka 15, nimtazame kaka wa mwana mpotevu. Mdogo wake amerudi na kufanyiwa karamu, yeye kakasirika na kukataa kuingia, na mfano unaisha baba akiwa bado anambembeleza nje. Hatuambiwi kama aliingia. Hapo ndipo nilipoanzia.

Kaka huyo nimemweka kihambani, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, huko Kibosho, Kilimanjaro, jioni ya Desemba. Mdogo wake kashuka kwenye basi Moshi mjini, mbuzi kachinjwa, yeye kasimama migombani, mikono ingali inanata kwa kahawa aliyochuma tangu asubuhi. Baba anamfuata na tochi. Hakuna anayemtaja Mungu, ila niliandika nikiomba.

Nilimsomea mama. Alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa aliingia?"

Asanteni sana.