AI inapitisha vifungu vya ripoti ya kengele za moto, mamlaka inavirudisha. Tunakosea wapi?

Fundi_Paneli
Wakuu habari zenu. Swali kwa wanaokagua mifumo ya kengele za moto kwa NFPA 72 (kiwango cha Marekani cha kengele za moto). Tunatumia AI kuhakiki namba za vifungu kabla ripoti haijatoka. Ripoti moja ina kasoro 30 mpaka 60, kila kasoro na kifungu chake. Tunapakia PDF nzima, tunauliza "je, vifungu vyote viko sahihi?" Inajibu viko sahihi, tena kwa maelezo ya kuridhisha kabisa. Hii mistari mitatu imepita hivyo hivyo:

Jengo A (toleo la 2019): "Ving'ora vya vyumba vya kulala havitoi mlio wa 520 Hz. Kifungu 18.4.5.3."
Jengo A: "Swichi ya mtiririko wa maji ilitoa ishara baada ya sekunde 110. Kifungu 17.12.2."
Jengo B (toleo la 2016): "Kigunduzi cha moshi kiko inchi 20 kutoka tundu la hewa ya kiyoyozi, kifungu kinataka inchi 36. Kifungu 17.7.4.1."

Yote mitatu imerudishwa na mamlaka inayoidhinisha ripoti. Tubadilishe AI au tubadilishe namna ya kuuliza?

mkaguzi72
Mkuu, angalia kwanza hiyo mitatu imekosea vipi, maana haikukosea kwa namna moja.

Wa kwanza: 18.4.5.3 ndiyo namba ya 520 Hz (mlio mzito wa kuwaamsha waliolala) kwenye matoleo ya 2010, 2013 na 2016. Toleo la 2019 sehemu za kulala zikasogea kwenda 18.4.6, kwa hiyo sharti lako ni 18.4.6.3. Ubaya ni kwamba 18.4.5 haikufutwa. Kwenye 2019 inazungumzia mlio unaolenga wahusika wachache, kama wauguzi au walinzi, si watu wote jengoni. Namba ipo, imekaa sura ile ile ya vifaa vya kutoa taarifa, ila inasema kitu kingine.

Wa pili ni ugonjwa huo huo. Sekunde 90, yaani kikomo cha swichi ya maji kutoa ishara, zilikuwa 17.12.2 mpaka 2016. NFPA 720 (kiwango cha vigunduzi vya kaboni monoksidi) ilipounganishwa ndani ya 72 mwaka 2019, vigunduzi vya kaboni monoksidi vilipewa 17.12 na vilivyofuata vikasukumwa hatua moja. Swichi ya maji ikawa 17.13, vifaa vya kuvuta kwa mkono vikatoka 17.14 kwenda 17.15. Ukijua hilo utayakamata makosa mengi ya sura ya 17 kwa macho tu.

Wa tatu namba ni sahihi na toleo ni sahihi, sharti ndilo silo. Mwili wa 17.7.4.1 unakataza kigunduzi kuwekwa mahali ambapo mkondo wa hewa utakizuia kufanya kazi. Inchi 36 zimo kwenye A.17.7.4.1, yaani kiambatisho, ambacho ni ufafanuzi na si sharti. Kasoro inaweza kubaki, lakini iandikwe kwa maneno ya mwili wa kifungu na ielezwe hewa inapiga vipi pale kigunduzi kilipo. "Kifungu kinataka inchi 36" ni kumsingizia kifungu.

AI uliyoiuliza imejibu kwa kumbukumbu. Kumbukumbu hiyo ina matoleo yote yamechanganyika kama mchele na ngano, na 18.4.5.3 imeandikwa mara nyingi sana kando ya 520 Hz. Lazima iseme sawa. Ukibadilisha AI utapata jibu lile lile kwa lafudhi nyingine.

Safu_na_Nguzo
Naongezea utaratibu, kwa sababu kuuliza "vyote viko sahihi?" ni kumwomba akubali.

Gawanya kazi. Kutoa namba kwenye ripoti hakuhitaji AI: tafuta kwa mpangilio wa tarakimu na nukta, ujumuishe "A." inayotangulia, uweke kila kimoja kwenye mstari wake pamoja na maneno ya kasoro, ukurasa, na toleo linalotawala. Kisha tengeneza jedwali lenu la vifungu. Kasoro za ukaguzi zinajirudia, kwa hiyo mistari 60 hadi 80 hubeba sehemu kubwa ya ripoti. Kila mstari: namba, toleo, mwili au kiambatisho, na sentensi moja ya sharti mliyoiandika wenyewe kutoka kitabuni. Msipakie kitabu kizima kwenye huduma ya nje, kina hakimiliki. NFPA wanaruhusu kukisoma bure kwenye tovuti yao, hiyo inatosha kwa kuhakiki kifungu kimoja kimoja.

Namba ambayo haimo kwenye jedwali kwa toleo lile, fomula ya kawaida ya lahajedwali iitupe nje hapo hapo. Mstari wako wa pili usingefika hata kwa AI.

Kinachobaki ndicho cha AI: maneno ya kasoro upande mmoja, sharti la jedwali upande wa pili, je, vinazungumzia kitu kimoja? Iruhusu majibu matatu tu: "vinalingana", "havilingani", "haitoshi kuamua". Na idai nukuu ya maneno ya jedwali iliyotegemea. Ikitoa nukuu ambayo haimo kwenye ulichoipa, jibu lote tupa. Agizo lenyewe linaweza kuwa hivi:

"Tumia maandishi niliyokupa tu. Usiongeze kifungu kutoka kwenye kumbukumbu yako. Kama kasoro inataja kipimo ambacho hakimo kwenye sharti, jibu: havilingani, kisha taja kipimo hicho."

Sentensi ya mwisho ndiyo ingekamata inchi 36. Peleka mstari mmoja mmoja, au kumi kwa mara moja. Ukimwaga 60 kwa pamoja, ya katikati inaanza kupitishwa bila kusomwa.

nyaya_mbili
Binafsi naona AI hapa inapewa sifa isiyo yake. Ukishakuwa na jedwali lenye toleo, fomula inamaliza kazi. Tena makosa mengi hayatoki kwa mkaguzi. Yanatoka kwenye orodha ya kuchagua ndani ya programu ya ripoti, iliyojazwa enzi za toleo fulani ikaachwa hapo. Rekebisha orodha mara moja, ripoti zote zinazofuata zinapona. Ukihakiki ripoti moja moja unafagia huku upepo unavuma.

Safu_na_Nguzo
Kuhusu orodha nakubaliana nawe kabisa, ianze hiyo. Ila wakaguzi huandika maneno yao juu ya kasoro iliyochaguliwa. Mtu anachagua "jaribio la unyeti wa kigunduzi", 14.4.4.3, halafu anaandika "kigunduzi kina vumbi, kisafishwe". Namba ipo, toleo ni lake, fomula inapitisha. Hapo ndipo panahitaji kitu kinachosoma maneno.

mkaguzi72
Kuna jambo moja ambalo fomula wala AI haitaliona msipoiambia: ripoti moja mara nyingi ina matoleo mawili. Ufungaji unahukumiwa kwa toleo lililotumika jengo lilipoidhinishwa. Ukaguzi, majaribio na matengenezo, yaani sura ya 14, vinahusu mifumo mipya na ya zamani pia, kwa toleo ambalo mamlaka inalitumia sasa. Kwa hiyo toleo liwe safu ya kila kasoro, lisiwe kichwa cha ripoti.

Kama kwenye faili la jengo kuna toleo la IBC (kanuni za ujenzi za Marekani) peke yake, linakupeleka: IBC 2012 inarejelea NFPA 72 ya 2010, 2015 inarejelea 2013, 2018 inarejelea 2016, 2021 inarejelea 2019. Halafu uliza kama mamlaka ilifanya marekebisho yake.

Mfano wa kinachoharibika: jengo lililoidhinishwa kwa toleo la 2007 likiandikiwa kasoro ya 520 Hz. Sharti hilo liliingia toleo la 2010, likapewa tarehe ya kuanza 1 Januari 2014. Kifungu kinaweza kuandikwa bila kosa hata moja na kasoro bado isiwe kasoro. Hayo yaende kwenye mapendekezo.

Na ukikuta "10.4" kwenye kasoro ya majaribio, shtuka. Mpaka 2007 sura ya majaribio ilikuwa ya 10. Tangu 2010 ni ya 14, na 10 ikawa ya misingi. Jedwali la majaribio nalo: kwenye 2010 mbinu ziko 14.4.2.2 na vipindi viko 14.4.5, kuanzia 2013 vimeunganishwa kuwa Jedwali 14.4.3.2.

Fundi_Paneli
Asanteni sana. Nimeanza jedwali kwenye Excel, tayari namba zinaharibika. 17.10 imekuwa 17.1, na moja imegeuka tarehe!

nyaya_mbili
Geuza safu nzima iwe maandishi KABLA ya kubandika. Ukibandika kwanza, sifuri imeshakufa na hairudi. Namba zenye sehemu tatu kama 10.6.7 hugeuka tarehe kulingana na lugha ya kompyuta. Zenye sehemu nne hupona, ndiyo maana kosa halionekani mapema. Angalia pia PDF zilizopigwa picha: nukta hupotea, 17.7.4.1 inasomwa 17.7.41. Na kinyota kinachokaa baada ya namba ya kifungu kitabuni ni alama kwamba kuna maelezo kwenye kiambatisho, si sehemu ya namba. Kiondoe wakati wa kulinganisha, lakini kihifadhi kwenye safu yake.

mlinzi_wa_lupu
Kwa wanaotumia BS 5839-1 (kiwango cha Uingereza cha kengele za moto) mbinu ni ile ile, ila badilisha neno moja kwenye agizo: "sharti" liwe "pendekezo". Kile ni kiwango cha mapendekezo, kinasema "should". AI iliyozoea NFPA itakuandikia "ni lazima kwa mujibu wa kifungu 45", na hapo umeshakosea kabla ya namba. Toleo la 2025 limechukua nafasi ya lile la 2017, kwa hiyo safu ya toleo inawahusu nanyi.

Na kabla ya kupakia chochote, futa jina la jengo, msimbo wa kuingia kwenye paneli, na namba ya akaunti ya kituo cha ufuatiliaji. Kwenye ripoti nyingi huwa vimekaa ukurasa wa kwanza.

Safu_na_Nguzo
Fundi, kabla hujauamini utaratibu wako, chukua ripoti safi upande makosa 10 kwa makusudi: manne ya toleo, matatu ya kiambatisho kuitwa sharti, mawili ya maneno yasiyolingana na kifungu, moja la namba isiyokuwepo. Endesha. Ikikamata nane, tazama mawili yaliyopita ni ya aina gani, urekebishe jedwali au agizo, kisha rudia kwa makosa mengine, si yale yale. Na yote ya "havilingani" na "haitoshi kuamua" yafunguliwe kitabuni na mtu, pamoja na mistari mitano ya "vinalingana" iliyookotwa bila mpangilio.