Tupeane uzoefu: kazi za mapokezi na kupokea simu huku kusini, bado zipo kweli?

Binti Chikongola: Wadau habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza form four hapa Mtwara mjini, kapiga na kozi ya mapokezi na upokeaji simu, sasa baba anasema abaki hukuhuku, mama mdogo anamvutia Dar. Mliowahi kukaa kaunta Mtwara, Masasi, Lindi, Kilwa popote pale semeni ukweli. Stori za kusikia sitaki, leta yako.

Korosho Ghafi: Mi nilikuwa mapokezi hoteli moja pale Shangani, Mtwara, enzi za utafiti wa gesi. Jamani ile ilikuwa raha, watu wa utafiti wanakaa miezi, vyumba vimejaa mpaka tunawasukumia wageni kwa jirani, kila mwenye kiwanja anapandisha gesti. Bomba la kwenda Dar lilipokamilika 2015 na utafiti ukapoa wageni nao wakapotea, tukaanza kuambiwa mshahara wiki ijayo, basi hiyo wiki ijayo haifiki. Wenzangu wakapunguzwa, mi nikabakizwa kwa sababu nilikuwa naweza kufunga hesabu za siku kwenye kompyuta, wala si kwa uzuri wa sauti. Siku hizi kinachojaza vyumba ni korosho, minada ikianza Oktoba wanunuzi wanamiminika, ikifika Machi unapiga miayo tu. Kwahiyo aulize mapema, mkataba wa mwaka au wa msimu.

Mzee wa Swichibodi: Nawasalimu wanangu. Mimi nilikuwa opereta Posta na Simu kabla haijagawanywa ikazaliwa TTCL 1994. Mtu akitaka kuongea na Dar anapitia kwangu, namwandikia, anasubiri laini, nikiipata namuunganisha. Tuliheshimika sana mjini, harusi hatukosi kadi 😀. Hiyo kazi imekwisha, simu zinajielekeza zenyewe na bosi ana namba yake mfukoni. Asitafute tangazo la opereta wa simu peke yake, hataliona.

Korosho Ghafi: Shikamoo mzee. Umemaliza.

Mmwera Halisi: Mi nipo mapokezi ya hospitali mkoa wa Lindi, na kwa mtazamo wangu huku ndo kuna uhai maana wagonjwa hawana msimu. Ila msidhani ni kukaa umependeza. Asubuhi foleni imefika nje, unasajili kwenye mfumo, unakagua kadi ya bima, asiye na bima unamtolea namba ya malipo, hapohapo simu ya mezani inalia mtu anauliza daktari wa macho yupo leo? Halafu anakuja bibi katokea kijijini huko ndani, Kiswahili chake cha kuungaunga, anakueleza kwa Kimwera alivyolala vibaya siku nzima, usipomuelewa unamuandikia kliniki siyo. Mimi lugha ya bibi yangu ndo iliyonibakiza pale, nilianza kwa kujitolea, mwishowe wakanipa mkataba. Hela si nyingi ila nalala nyumbani sipangi chumba, mwenzangu aliyekimbilia Dar mshahara unamzidi wangu na bado kila mwisho wa mwezi ananikopa mimi.

Naliendele Moja: Serikalini kada ya mpokezi ipo, matangazo yanatoka Ajira Portal, ile tovuti ya ajira za serikali. Mi nilifanya usaili nikakosa, tulikuwa utitiri. Ajue tu akipata anaweza kupangiwa Kigoma, hapo hoja ya baba yenu ya kubaki kusini inakufa yenyewe.

Binti Chikongola: Na ule mradi wa gesi wa Likong'o, Lindi? Baba ndo anachongojea hicho.

Korosho Ghafi: Makubaliano ya awali yalisainiwa Juni 2022, watu wa Lindi walishaanza kupiga hesabu za kupangisha nyumba. Dada, asile kwa harufu. Mradi ukija uje umkute tayari ana kazi na anajua ekseli.

Mmwera Halisi: Na Kiingereza cha simu akifanyie mazoezi, wanunuzi wa korosho kutoka India wanaongea haraka balaa.

Binti Chikongola: Asanteni jamani. Mmwera, hiyo barua ya kujitolea anaandika kwa nani?

Mmwera Halisi: Kwa mganga mfawidhi, aambatanishe nakala za vyeti. Na apeleke mwenyewe asitume mtu, wale wa mapokezi watamuona anavyosalimia.