Magogo yanayooza msituni: yaachwe au yaokotwe kuni?

gogo_bichi
Wakuu habari za usiku. Naleta hoja moja tuijadili. Kuna kiumbe anaitwa onikofora, mi namwita mnyoo mahameli maana ngozi yake ukiitazama ni kile kitambaa cha mahameli kabisa, ana vimiguu vingi vifupi vinene, ila sio mnyoo wala sio jongoo, ni ukoo wake peke yake, na ukoo wenyewe unahesabiwa kurudi nyuma miaka kama milioni 500. Anawinda usiku, anarusha ute unaonata kama gundi kutoka pembeni ya mdomo, mdudu akishanaswa hachomoki. Shida yake moja: vitundu vyake vya kupumulia havifungiki, kwa hiyo hewa ikikauka kidogo maji yote yanamtoka anakufa. Ndo maana anaishi ndani ya magogo yaliyooza na chini ya majani yenye unyevu. Afrika yetu ya tropiki yupo Gabon na Kongo, halafu kuna wa Afrika Kusini, huko kuna mmoja wa pinki wa msitu wa Ngele, KwaZulu-Natal, aliorodheshwa 1996 kwamba ametoweka kabisa, baadaye akaja kuonekana tena. Jamaica kuna mwingine wa pangoni, hana hata macho.
Sasa huyu humlindi kwa geti na askari wa bunduki kama tembo. Unamlinda kwa kuacha gogo lioze mahali lilipoanguka. Ila sisi mti ukishaanguka tunauona takataka, misitu mingi ya hifadhi watu wanaruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu. Mi nasema kwenye misitu ya milimani kama Usambara na Udzungwa ruhusa hiyo ifutwe. Kina mama wa kuni ndo wanaomaliza sakafu ya msitu kimyakimya bila mtu kuwaona. Mnasemaje?

binti_wa_mlalo
Kimyakimya? Kaka yangu mimi nimekwenda kuni na bibi yangu tangu nina miaka saba mpaka namaliza la saba, siku mbili kwa wiki, na panga huruhusiwi kuingia nalo, unaokota kwa mikono na kuvunjia gotini, mzigo unabeba kichwani kilomita kadhaa za mteremko na utelezi wa Lushoto unaujua au huujui. Hakuna kimyakimya hapo, kijiji kizima kinatuona na askari wa msitu anatukagua mzigo kijiti kwa kijiti. Mwenye chenisoo usiku ndo anaenda kimyakimya, huyo hujamwandika popote kwenye maneno yako yote hayo.
Halafu nikwambie kitu ambacho kinaonyesha hujawahi kutafuta kuni: gogo lililooza HALIOKOTWI. Halina moto, linatoa moshi tu na limejaa siafu. Bibi alikuwa analigonga kwa fimbo, likitoa sauti ya bufu tunapita. Kwa hiyo hao minyoo wako wa mahameli bibi yangu hajawahi kumgusa hata mmoja.

nusu_pointi
Mleta mada mbona umejichanganya, huyo kiumbe umesema mwenyewe yupo Gabon na Kongo, Usambara anaingiaje? Afrika Mashariki hajawahi kuandikwa. Unamfungia mama wa Korogwe msitu kwa ajili ya mnyoo wa Gabon?

gogo_bichi
@nusu_pointi nimemtolea mfano. Usambara kuna vyake visivyopatikana kwingine, konokono, jongoo, vinyonga vidogo, vyura, vingi vinaishi kwenye unyevu uleule. Sababu ya kulinda ni ileile.

nusu_pointi
Basi ungesema konokono.

mwl_wa_sayansi
Dada wa Mlalo kasema kweli na mleta mada kasema kweli, ila kuna kitu katikati mnakiruka. Gogo lililooza haliokotwi, sawa. Lakini gogo bovu la leo ni tawi kavu la miaka kumi au kumi na tano iliyopita ambalo hakuna aliyeliokota. Ukichukua kila kijiti kikavu leo hakuna kitakachobaki kuoza kesho kutwa. Sio kosa la mtu, ni hesabu ya muda. Mi ningependa tujadili hapo, kwamba labda matawi membamba yaokotwe na shina kubwa liachwe hata likiwa kavu, maana shina kubwa ndo linatunza unyevu miaka mingi.

mtu_wa_stendi
Haya mambo ndo yaleyale ya vyura wa Kihansi, kule kwenye bwawa la umeme. Nchi iko gizani, maji yanamwagiliwa vyura. Mimi mwaka 2006 nilikuwa na saluni, mgao wa umeme ukanifilisi kabisa, nikauza mashine zote, nasikia redioni eti vyura elfu moja wamepandishwa ndege kwenda Marekani kutibiwa. Mpaka leo nikisikia neno uhifadhi roho inaniuma.

fundi_bonde
@mtu_wa_stendi pole sana kwa saluni, ila Kihansi usiitaje hivyo, mimi nimefanya kazi za umeme bonde la Kilombero na Kihansi nimefika. Kwanza hawakuwa elfu moja, walikuwa 499, na walichukuliwa mwishoni mwa 2000, sio 2006, wakapelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Pili mgao wa 2006 ulitokana na ukame, mabwawa yalikauka nchi nzima, chura hakunywa maji ya Mtera. Tatu kituo cha Kihansi ni megawati 180 na kinazalisha mpaka leo. Maji yanayoachiwa korongoni ni kidogo sana ukilinganisha na yanayoingia kwenye bomba la mitambo.

mtu_wa_stendi
Kidogo ni kidogo kwako wewe mwenye mshahara. Kidogo hichohicho kingeendesha saluni ngapi?

fundi_bonde
Sina mshahara wa huko, nilikuwa kibarua. Na nikueleze yule chura maana watu wanamtukana bila kumjua. Ni wa sentimita mbili hivi, rangi ya dhahabu, hatagi mayai, anazaa watoto kabisa, vijichura kamili vidogo kuliko punje ya mchele. Aligunduliwa 1996 ujenzi wa bwawa ukiwa umeshaanza. Dunia nzima alikuwa anaishi mahali pamoja tu, pale maporomoko yanaporusha manyunyu, eneo la kama hekta mbili. Mto ulipogeuziwa kwenye mitambo karibu asilimia 90 ya maji yakaondoka korongoni, manyunyu yakafa. Wakafunga vinyunyizio, wale wakaongezeka tena, halafu 2003 wakaanguka ghafla, ugonjwa wa fangasi unaoua vyura duniani kote ulikuwa umeingia. 2009 akaandikwa hayupo tena porini. Waliobaki ni wale wa ndege. 2010 wakaletwa 100 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Hakuna aliyetibiwa saluni wala hospitali, walikwenda kuzaana wasiishe.

binti_wa_mlalo
Naona mada imeshahamia Kihansi na mimi bado sijaombwa radhi. Neno "kina mama wa kuni ndo wanaomaliza" liko palepale juu.

mzee_wa_iliki
Wanangu mimi nimezaliwa Usambara ya Mashariki, niwaambie msitu ule ulimalizwa na nani. Miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini kulikuwa na mradi mkubwa wa mbao, fedha kutoka Finland, matrekta yanapanda milimani yanaburuza magogo mpaka barabara zinakuwa mifereji. Baadaye mbao zikapigwa marufuku na fedha za uhifadhi zikatoka Finland hiyohiyo. Mwaka 1997 Amani ikatangazwa hifadhi ya mazingira asilia. Sisi tuliokuwa na iliki chini ya miti kule Derema tukaambiwa ule ni ushoroba, yaani njia ya kuunganisha misitu, tutoke, fidia itakuja. Fidia ilikuja kwa kuchelewa na kila mtu anajua alivyohesabiwa mashina yake. Nakubali iliki inataka kufyekewa chini na miche ya msitu haioti tena, hilo sibishi nimeliona kwa macho. Ninachobisha ni huyu kijana kuanza hadithi kwa mama mwenye mzigo wa kuni kana kwamba kabla yake hapakuwa na mtu.

binti_wa_mlalo
Shikamoo mzee. Umesema nilichokuwa natafuta maneno ya kukisema.

nusu_pointi
Mzee shikamoo, ila na nyie wa iliki msijitoe, umekiri mwenyewe mlifyeka chini.

mzee_wa_iliki
Marahaba. Nimekiri ndiyo, na nimelipia kwa shamba zima. Nani mwingine kwenye huu mjadala amelipia?

mtu_wa_stendi
Mimi. Saluni.

dawa_ya_moto
Jamani suluhisho lipo, mkakati wa nishati safi wa 2024 mpaka 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Kila nyumba mtungi wa gesi, kuni zibaki msituni zioze, minyoo ifurahi, mama apumzike. Tatizo limekwisha.

binti_wa_mlalo
Mama yangu mtungi anao, aligawiwa kwenye mkutano wa hadhara ule mdogo wa kilo 6. Umekaa chini ya kitanda tangu ulipoisha. Kuujaza ni elfu ishirini na kitu, na wa kuujaza yuko Lushoto mjini, nauli ya kwenda na kurudi juu yake. Maharage unayachemsha na mtungi wa kilo 6? Wewe dawa_ya_moto umeshawahi kuchemsha maharage makavu milimani kwenye baridi ya mwezi wa saba?

dawa_ya_moto
Dada loweka usiku kucha yanaiva haraka.

binti_wa_mlalo
Usinifundishe kuloweka maharage.

mwl_wa_sayansi
Narudia swali langu la juu ambalo limepitwa: shina kubwa kavu liachwe, matawi yaokotwe. Kuna anayepinga?

fundi_bonde
Mwalimu mimi siipingi. Ila mjue shina kubwa haliokotwi na mama, linapasuliwa mbao palepale na watu wa chenisoo. Kwa hiyo sheria unayoitaka inamhusu mwingine.

gogo_bichi
Nimesoma yote. Lile neno la kina mama nalifuta, dada wa Mlalo naomba radhi, niliandika nikiwa nimekaa mjini na msitu nimeuona kama mgeni wa siku tatu, nikaona wanaopita barabarani na mizigo, sikuona mwingine. Wale wa usiku sikuwafikiria kabisa. Lakini hoja ya gogo sijaifuta. Viumbe vya gogoni havina kelele, tembo akifa tunaona mzoga, hivi vikiisha hakuna hata harufu. Na yule wa pinki wa Ngele ameponea kijisitu kidogo kilichozungukwa na mashamba ya misonobari, wangekisafisha kile naye asingekuwa na pa kuonekana tena.

binti_wa_mlalo
Radhi nimeipokea kaka, na hujaniudhi kwa ubaya, uliniuma kwa sababu bibi yangu amefariki mgongo umepinda kwa ile mizigo na hakuwahi kukata mti mbichi hata mmoja. Na la mwalimu nimelifikiria tangu saa ile. Ni kweli, mwishoni mwishoni kabla sijaondoka kijijini tulikuwa tunaingia ndani zaidi kila mwaka, karibu na njia palishakuwa peupe, udongo mtupu na majani makavu. Zamani bibi alikuwa ananionyesha chini ya magogo vinyonga vidogo vya kahawia kama jani kavu, vimekaa kimya. Mdogo wangu wa mwisho hakuwahi kuonyeshwa. Sasa Jumamosi ni siku ya kuni na mama yangu ataingia, niambieni nimwambie apikie nini.

mtu_wa_stendi
Fundi swali moja na sitanii, vile vinyunyizio vya Kihansi vinaendeshwa na umeme? Maana kama vinakula umeme halafu mgao…

fundi_bonde
Havili hata uniti moja. Maji yanakingwa juu, yanashuka na bomba kwa mteremko wenyewe, msukumo unarusha manyunyu. Hakuna pampu pale.

mtu_wa_stendi
Hilo sikulijua. Miaka yote hii nilijua ni pampu.

dawa_ya_moto
Dada wa Mlalo, vipi jiko banifu? Linakula nusu ya kuni.

binti_wa_mlalo
Hilo tunaweza kuongea. La udongo au la bati? La bati tulipewa likatoboka chini ndani ya masika moja.

mzee_wa_iliki
La udongo. Kwangu lipo mwaka wa sita, mafundi wa kufinyanga wapo hukuhuku milimani, mama yako hana haja ya kwenda mjini.