Nani alipie utafiti kati ya chuo kikuu na kiwanda kidogo cha mafuta ya parachichi?

Mkamuaji wa Tukuyu ameandika:

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Ninaendesha kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya parachichi hapa Tukuyu, wilayani Rungwe. Tuko watu tisa, na malighafi yetu ni parachichi za aina ya Hass zilizokataliwa kwenye vituo vya kufungashia: zenye mikwaruzo, zilizo ndogo mno, au zenye umbo lisilompendeza mnunuzi wa nje. Shida yangu ni kwamba juma moja kilo 100 za matunda hunipa lita 9 za mafuta, na juma linalofuata kilo zilezile, kwa mashine ileile na fundi yuleyule, hunipa lita 6. Sijui kama chanzo ni ukomavu wa tunda, ni joto la rojo ya nyama ya tunda tunapoikanda, au ni muda tunaoikanda kabla ya kutenganisha mafuta na maji.

Mhadhiri mmoja wa teknolojia ya chakula amekuja kuona, akapendekeza utafiti wa pamoja wa misimu miwili. Andiko lake linataka kiwanda kichangie shilingi milioni 14, na sehemu iliyobaki itafutwe kwa wafadhili. Mimi ninazo milioni 5 ambazo naweza kuzitoa bila kugusa mishahara.

Nakiri pia kwamba nina kidonda cha zamani. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wa chuo ambacho sitakitaja alikaa kwetu wiki sita, akachukua sampuli, akanakili daftari letu lote la uzalishaji, kisha akahitimu. Tasnifu yake sijaiona mpaka leo. Ndiyo maana nauliza kabla ya kusaini: je, ni haki kampuni ya ukubwa wangu kulipia utafiti wa chuo ambacho tayari kinaendeshwa kwa kodi zetu? Zipo fedha za umma kwa jambo kama hili? Na matokeo yakipatikana, yatakuwa mali ya nani?

Mwalimu wa Maabara, Mbeya, amejibu:

Ndugu Mkamuaji, nimefanya utafiti chuoni kwa miaka mingi, kwa hiyo nitaueleza upande wetu bila kuupamba. Kodi hulipa mshahara wa mhadhiri na kujenga maabara, lakini haimpi mtaalamu wa maabara nauli ya kuja Tukuyu kila juma, kilomita kama 70 kwenda na 70 kurudi, wala hainunui viyeyushi, yaani kemikali za kupimia mafuta, wala haitengenezi mashine ikiharibika katikati ya msimu. Fedha ya kampuni huingia katika pengo hilo, na juu yake chuo hukata asilimia yake ya uendeshaji, jambo ambalo waandishi wa maandiko wengi hulificha kwenye mstari wa mwisho wa bajeti. Mwombe mhadhiri wako aufunue mstari huo kabla ya lolote.

Hata hivyo, milioni 14 kwa maswali matatu kwa pamoja ni namna ya kununua ng'ombe mzima kwa ajili ya kikombe cha maziwa. Ondoa kwanza swali unaloweza kulijibu wewe mwenyewe. Tunda la parachichi linapokomaa mtini, maji hupungua ndani ya nyama yake na mafuta huongezeka, kwa hiyo uzito mkavu wa nyama ndiyo kipimo chepesi cha mafuta yaliyomo. Menya tunda, kata vipande vyembamba kutoka pande zote mbili, pima gramu 10 kwenye sahani, kisha kausha kwenye maikrowevu kwa moto mdogo, ukitoa na kupima tena na tena hadi mizani isishuke zaidi. Usikimbize moto: kipande kikianza kuwa cha kahawia na kutoa harufu ya kuungua, umekwisha kupoteza kipimo. Zikibaki gramu 2.4, uzito mkavu ni asilimia 24. Viwango vya biashara ya kimataifa huitaka Hass isipungue asilimia 21, lakini katika rundo la matunda yaliyokataliwa, yaliyochanganywa kutoka mashamba ya mwinuko tofauti, sitashangaa ukikuta yaliyochumwa mapema pamoja na yaliyopitiliza. Fanya hivyo kwa kila shehena kwa mwezi mmoja, uandike pembeni lita ulizopata. Ukimpelekea mhadhiri daftari hilo, andiko litapungua lenyewe, kwa sababu litabaki swali la kukanda na la joto, ambayo kweli yanahitaji maabara.

Kuhusu fedha za umma, ipo Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, nayo inasimamia mfuko wa taifa ujulikanao kama MTUSATE. Mfuko huo hushindaniwa kwa maandiko, na andiko linaloonyesha kwamba kiwanda kimekwisha kuweka fedha yake, hata kidogo, husomeka tofauti na lile lenye barua tupu ya kuunga mkono. Usichanganye na mradi wa HEET, ule wa dola milioni 425 uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa ajili ya elimu ya juu nchini. Mradi ule unavitaka vyuo vishirikiane na viwanda, hata katika kupitia mitaala, lakini fedha zake kwa sehemu kubwa ni za majengo, vifaa na kusomesha wahadhiri. Hautalipia sampuli zako.

Ningekushauri pia uutazame utaratibu ambao Waingereza waliuanza mwaka 1975. Mhitimu huajiriwa na chuo lakini huketi kiwandani kwa muda wote wa mradi, mhadhiri akimsimamia. Serikali hulipa sehemu kubwa, na kampuni ndogo hulipa takriban theluthi. Hapa kwetu hakuna mfuko rasmi wa namna hiyo ninaoweza kukuelekeza, lakini umbo lake unaweza kuliiga kwa mwanafunzi mmoja wa uzamili. Faida yake ni kwamba anayejua jibu anakuwa amesimama karibu na mashine yako siku inapotoa lita 6.

Mzee wa Mbozi amejibu:

Mwanangu Mkamuaji, mimi ni mkulima wa kahawa, na nitasema jambo ambalo Mwalimu hapo juu amelipita haraka. Maarifa mengine si ya kununuliwa na mtu mmoja. Sisi wa kahawa tulikuwa na chulebuni na kutu ya majani, magonjwa yaliyomla mwenye ekari moja na mwenye mashamba makubwa bila kubagua. Ilipoundwa taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ambayo ilianza kazi mwaka 2001, wakulima wenyewe walikubali kukatwa tozo ndogo kwenye kahawa inayouzwa, wakachangiwa na Serikali na Umoja wa Ulaya, na kituo chake cha Mbimba kiko hapahapa kwetu. Aina za miche zinazostahimili magonjwa hayo zimetoka huko. Hakuna mkulima hata mmoja ambaye angeweza kuzilipia peke yake, na kama angeweza, angezificha.

Wenzetu wa chai kule Mufindi wana hadithi inayokaribia swali lako zaidi. Ngwazi kulikuwa na kituo cha utafiti ambacho katika miaka ya 1980 na 1990 kiliendeshwa na watafiti wa chuo cha Silsoe, sehemu ya Cranfield ya Uingereza, kwa fedha za kampuni za chai pamoja na msaada wa serikali ya Uingereza. Walikuwa wakipima chai inahitaji maji kiasi gani katika ule ukame mrefu wa katikati ya mwaka na mbolea kiasi gani pamoja na maji hayo. Angalia vizuri: kampuni zinazoshindana sokoni zililipa pamoja, kwa sababu ukame ulikuwa wa wote. Mafuta ya parachichi hukamui peke yako. Kaeni wakamuaji wanne au watano wa Rungwe, Njombe na Iringa, changieni, na hiyo milioni 14 haitakuwa mlima.

Mhasibu wa Mafinga amejibu:

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, mfano wa Ngwazi ni mzuri kwa swali la ukomavu wa tunda, ambalo kweli ni la wote, lakini joto na muda wa kukanda ni ujuzi wa ndani ya kiwanda. Mkamuaji akiupata na kumgawia jirani anayeuza kwa mnunuzi yuleyule, atakuwa amelipia mshindani wake. Ningegawa mambo mawili hayo katika mifuko miwili tofauti.

Sasa nije kwenye vitabu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu gharama za utafiti na maendeleo zitolewe kwenye mapato ya biashara kabla ya kukokotoa kodi. Kwa kampuni inayolipa asilimia 30 ya faida, milioni 5 za utafiti hupunguza kodi kwa milioni 1.5, ilimradi kweli ipo faida ya kutozwa. Mambo mawili huwakwaza watu. Kwanza, kifaa unachokinunua na kubaki nacho hakihesabiwi kama gharama ya utafiti, bali huingia kwenye hesabu ya uchakavu wa mali. Pili, kama bado unalipa kodi ya makadirio kwa kuangalia mauzo, nafuu hii haikuhusu, kwa sababu gharama zako hazihesabiwi kabisa. Vilevile usimpe mtu fedha mkononi wala kwenye simu yake, hata awe mwema namna gani. Malipo kwa chuo cha umma hufanyika kwa kontrol namba, na risiti yake ndiyo utakayomwonyesha mkaguzi.

Katika mkataba, lipa kwa awamu, na kila awamu ifungwe kwenye kitu kinachoshikika: daftari la vipimo, ripoti ya kurasa chache kwa Kiswahili ambayo fundi wako ataielewa, na nakala ya tasnifu. Hapo ndipo kidonda chako cha zamani kinapopata dawa. Usimkataze mwanafunzi kuchapisha, maana bila hiyo hahitimu na chuo hakitasaini. Weka kipindi, tuseme siku 60, ambacho wewe utasoma rasimu kwanza na kuomba viwango halisi vya joto na muda viondolewe. Na mkihisi mmepata jambo jipya la kuombea hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa wakala wa usajili, BRELA, ombi litangulie chapisho, kwa kuwa kilichokwisha kutangazwa hadharani huweza kukosa sifa ya upya.

Mkamuaji wa Tukuyu ameandika tena:

Ndaga fijo, yaani asanteni sana, wazee wangu na ndugu zangu. Nimeazima maikrowevu ya dada yangu na jana nimepima shehena mbili. Ya kwanza, iliyotoka mashamba ya juu, ilisimama kwenye asilimia 27. Ya pili, ambayo dereva aliileta usiku bila kusema ametoa wapi, matunda matatu kati ya kumi yalikuwa chini ya 20. Fundi wangu aliponiona nikipima vipande vya parachichi kama dhahabu alicheka sana, lakini leo asubuhi nimemkuta akipima mwenyewe.

Nimezungumza na mhadhiri. Hakukasirika, kama nilivyoogopa. Amekubali andiko lianze na msimu mmoja, mwanafunzi mmoja wa uzamili, na swali la kukanda peke yake, kwa milioni 4 zitakazolipwa kwa awamu tatu. Siku 60 amesema atazipeleka kwa mwanasheria wa chuo, ambaye huenda akataka 30. Kuhusu ukomavu wa tunda, nimewapigia wakamuaji wawili. Mmoja yuko tayari tuchange, mwingine ameniuliza kwa nini alipie kitu nilichokwisha kupima kwa maikrowevu, na bado natafuta jibu la kumpa.

Mwalimu wa Maabara, Mbeya, amejibu:

Mwambie shehena mbili si msimu. Na kabla hamjaendelea, wapeni Wakala wa Vipimo waihakiki hiyo mizani. Mizani ya jikoni ikikosea nusu gramu kwenye gramu 10, tayari imekula asilimia 5 za hoja yako.