Nilipeleka mtoto kubatizwa nikakuta rally ya kampeni, hawa wachungaji wameuza maiki yetu

Niko na hasira na sitaandika kwa adabu sana, mnisamehe mapema.

Jumapili iliyopita binti yetu alikuwa abatizwe. Ana miezi saba. Mama mkwe ametoka Busia na basi la usiku, gauni jeupe limeshonwa, wasimamizi wamefika saa mbili asubuhi, ndugu zangu wawili wameomba off kazini, sufuria za pilau ziko motoni nyumbani. Ibada ni saa tatu. Saa tatu na nusu hakuna kitu. Mzee mmoja wa kanisa anapita kati ya viti anatuambia kwa sauti ya chini ati tuvumilie kidogo mgeni yuko njiani. Mgeni gani jamani? Mimi nilidhani mgeni wa siku ni huyu mtoto. Kumbe ni mheshimiwa mbunge.

Amefika saa tano kasorobo. Magari tisa, nimeyahesabu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ya kufanya, walinzi wakasimama mlangoni kama tuko benki, kwaya ikakatizwa katikati ya wimbo ianze ule wa kukaribisha wageni. Mahubiri yakawa dakika kumi, za kuhesabu, halafu mchungaji akasema tumpe mtumishi wa watu nafasi asalimie waumini. Huko kusalimia kukachukua dakika hamsini! Barabara, basari, stima, wapinzani wake wawili akiwataja kwa majina ya utani na watu wakicheka, na uchaguzi wa 2027, kila baada ya sentensi mbili ni 2027. Kila MCA, yaani mwakilishi wa wadi, aliyekuja naye pia akaitwa asalimie. Mwisho bahasha ya kaki ikatoka, laki tano za mabati, shangwe, vigelegele, mchungaji akamwekea mikono kichwani akamwombea ulinzi dhidi ya maadui zake. Maadui zake ni nani? Ni watu wa kanisa hilohilo ambao hawatampigia kura, wengine walikuwa wamekaa nyuma yangu.

Kufika saa saba na nusu mtoto amelia mpaka amelala, gauni limelowa maziwa, na tangazo linatoka kwamba kwa sababu ya muda, ubatizo umesogezwa. Watoto sita tulikuwa tumeleta siku hiyo. Sita! Hakuna hata mmoja aliyeguswa na maji.

Sasa kabla mtu hajakimbilia kuniandikia kanisa na siasa visichanganywe, mimi hata siamini hivyo. Ningekuwa naamini hivyo nisingekuwa na uchungu. Wale tuliozaliwa hapa Kenya miaka ya themanini tulikua tukisikia majina ya maaskofu kama Henry Okullu, David Gitari, Alexander Muge, Ndingi Mwana a'Nzeki. Serikali ya Moi ilipoleta mlolongo, watu wapige kura kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea, ni maaskofu waliosema waziwazi huu ni wizi. Muge, waziri alimwonya kabisa akikanyaga Busia hatarudi hai, akaenda, na akirudi Eldoret siku hiyohiyo akafa kwenye ajali barabarani, 14 Agosti 1990. Mama mkwe anaikumbuka hiyo siku mpaka leo, akianza kuisimulia chai inapoa. Mchungaji Njoya alipigwa marungu nje ya Bunge 1999 watu wakimwangalia. Na pale jumba la Ufungamano, Nairobi, wakati Katiba ilikuwa inataka kutekwa na wanasiasa, ni makanisa, Waislamu na Wahindu waliokaa chumba kimoja wakasema hapana, wananchi ndio wataandika Katiba.

Hiyo ilikuwa siasa kanisani, na siasa kali. Tofauti ni kwamba wakati ule mwenye maiki alikuwa askofu na aliyekuwa anatetemeka ni mwanasiasa. Saa hii mwanasiasa ndiye ana maiki, na mchungaji amesimama pembeni anashika bahasha.

Hesabu tu. Laki tano kila Jumapili, Jumapili nne, ni milioni mbili kwa mwezi, na hapo hujaweka mazishi, harusi, vikundi vya akina mama na timu za mpira. Mshahara wa mbunge haufiki huko. Hakuna mzee wa kanisa hata mmoja asiyejua hiyo hesabu, mweka hazina wetu ni mwalimu wa hisabati kwa taarifa yenu, lakini swali la hii pesa imetoka wapi haliulizwi. Mimi nikichelewesha ahadi yangu ya elfu tatu ya ujenzi jina langu linasomwa mbele ya watu wote. Yeye hasomewi kitu.

Na ni ugonjwa unaotoka juu. Julai 2024, baada ya vijana kuingia Bunge tarehe 25 Juni na wengine kuuawa, Rais Ruto mwenyewe akatangaza kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma marufuku kushiriki harambee, hii michango ya hadhara. Tukapiga makofi. Haikufika hata Krismasi. Novemba mwaka huohuo yuko Kayole, Nairobi, kanisa Katoliki la Soweto, laki sita za kwaya, milioni mbili za nyumba ya padre, na ahadi ya milioni tatu nyingine na basi juu. Askofu Mkuu Anyolo akasema pesa zirudishwe na ahadi hatuzitaki, na hapo nilimvulia kofia na wala mimi si Mkatoliki. Lakini Machi 2025 ni milioni 20 kwa kanisa lingine pale Roysambu, na vijana walipojitokeza kuandamana Jumapili iliyofuata wakarushiwa vitoa machozi. Watu wanakula vitoa machozi kwa sababu ya sadaka! Halafu Julai tunasoma kuna kanisa linajengwa ndani ya Ikulu, na mwenyewe anasema ni pesa zake na hataomba mtu yeyote msamaha. Sawa, pesa ni zako. Na kiwanja ni cha nani?

Kuna kitu kingine kinaniuma zaidi na najua nitatukanwa hapa. Mnakumbuka 2010? Kura ya maoni ya Katiba, kijani ni Ndiyo, nyekundu ni Hapana. Makanisa mengi yalikuwa nyekundu, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa Mahakama za Kadhi. Tulihubiriwa Jumapili baada ya Jumapili kwamba serikali haifai kubeba dini ya mtu, kwamba kodi yetu haifai kumlipa kadhi, ati leo ni kadhi kesho ni sharia nchi nzima. Kadhi ambaye alikuwepo hata kabla ya uhuru, ambaye kazi yake ni ndoa, talaka na urithi wa Waislamu wenyewe kwa wenyewe wakikubali kwenda kwake. Mimi nilipiga nyekundu, nakiri. Tukashindwa, Ndiyo ikapata kama asilimia 67, na miaka imepita, na hakuna kadhi aliyekuja kubisha mlango wangu. Aliyekuja kunichukulia ibada yangu ni Mkristo mwenzangu mwenye magari tisa.

Nina rafiki wa Mombasa tulikuwa chuo pamoja, nilipomsimulia hii story alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia ndugu yangu, sisi 1992 tulitaka kusajili IPK, chama cha Kiislamu, tukaambiwa haiwezekani, chama hakiwezi kuwa cha dini, vijana wakapigwa barabarani Mombasa kwa ajili hiyo, na mpaka leo Katiba yenu mpya, kifungu cha 91, inakataza chama kuundwa kwa msingi wa dini. Sasa nyinyi mnafanya nini kila Jumapili? Sikuwa na jibu. Kifungu cha 8 ni mstari mmoja tu, nchi hii haina dini ya serikali, hata mtoto wa shule anaweza kuukariri, na bado ukifungua runinga Jumapili saa moja usiku habari ya kwanza ni nani amesema nini akiwa madhabahu gani. Halafu huyo rafiki yangu naye nikamkumbusha kuhusu wanasiasa wanavyojaa kwenye mabaraza ya Idd wakiwa wamevaa kofia za kuazima, akanyamaza kidogo. Kwa hiyo hakuna aliye msafi, wacha tusidanganyane.

Naongeza hapa baada ya kusoma majibu yenu ya kwanza kwanza. Kuna anayesema hayo mabati si yatatukinga mvua sisi wote, mbona nalalamika, kanisa letu linavuja. Ni kweli linavuja. Linavuja tangu nikiwa Sunday school. Lakini tumejenga nyumba zetu wenyewe bila mbunge, tumesomesha watoto kwa kikundi cha akina mama cha kuchanga mia mia, leo paa la kanisa ndio linatushinda? Tukitoa elfu moja moja familia mia tano tumemaliza, na hakuna mtu atatuhutubia.

Na mwingine ameuliza, wewe ulifanya nini, si ungesimama useme. Sikusimama. Nilikuwa safu ya tatu na mtoto mapajani na mke wangu alinishika mkono kwa nguvu kwa sababu ananijua. Na mheshimiwa aliposema tuko pamoja, nikajikuta naitikia ndio na wengine wote. Mdomo ulifunguka wenyewe. Nimekuwa nikiifikiria hiyo "ndio" wiki nzima.

Mama mkwe amerudi Busia Jumatatu, hakusema neno, alitukunjia tu lile gauni jeupe akaliweka kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati. Jana nimempigia katibu wa kanisa nimuulize ubatizo umesogezwa mpaka lini ili nimtumie mama nauli tena. Ameniambia nisiwe na haraka, kwanza wanangoja ofisi ya mheshimiwa iwape tarehe ya kuja kukabidhi mabati.