Naomba ushauri: wimbo mpya wa Noeli waumini hawaushiki, zimebaki siku tisa

Mpambe_wa_Tenzi: Shalom wakuu. Nimetunga wimbo wa mkesha wa Noeli, beti nne, mizani 8.7.8.7 (mstari wa silabi nane, kisha saba, na kurudia), na kiitikio. Kwaya wanauweza, ila nikiwajaribisha waumini, mstari wa kwanza tu wanapotea. Unaanza: "Leo Mwokozi kazaliwa". Nipunguze mwendo au nishushe ufunguo?

DadaSolfa: Mwendo hauna kosa. Hesabu: Le-o-Mwo-ko-zi-ka-za-li-wa. Tisa, si nane. Kama pigo zito liko silabi ya 1, 3, 5 na 7, watu wanalazimishwa kuimba MWO-ko-ZI, ka-ZA-li-WA, wakati mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Mdomo unagoma. Jaribu "Leo Yesu kazaliwa": nane, na LE, YE, LI zote zimekaa pahali pake.

Mistari ya mizani saba nayo ina mtego. Inaishia pigo zito, kwa hiyo utapata "ho-ri-NI". Kama nota ya mwisho ina mapigo mawili, igawe na uongeze silabi moja mapema kwenye mstari: RI ipige, "ni" ifuate. Hapo una 8.8.8.8.

MzeeWaZaburi: Mnahangaika na silabi, ujumbe je? Kila Desemba ni hori, nyasi na nyota. Luka ametupa nyimbo nne: wa Mariamu (1:46-55), wa Zakaria (1:68-79), wa malaika (2:14), wa Simeoni (2:29-32). Mariamu anaimba wakuu wakishushwa kwenye viti vyao vya enzi. Nani ameliweka hilo kwenye ubeti wa tatu? Isaac Watts, mtunzi wa tenzi wa Uingereza, hakugusa hori kabisa: "Joy to the World" ya 1719 imetoka Zaburi 98.

Kinanda88: Mtoa mada, taja nota ya chini kabisa na ya juu kabisa.

Mpambe_wa_Tenzi: Do ni C. Unaanzia s (so) ya chini, kiitikio kinagusa m (mi) ya juu.

Kinanda88: Oktavu moja na nota tano juu yake! Ukishusha ufunguo wanazama, ukipandisha wanapiga kelele. Waumini mchanganyiko waweke kati ya B ya chini na D ya juu, basi. Masafa hayo ni ya msanii mmoja na maikrofoni yake. Tuni umeitoa wapi?

Mpambe_wa_Tenzi: Ni muhimu?

Kinanda88: Sana.

Mpambe_wa_Tenzi: Wimbo wa mapenzi uliotoka mwaka huu. Lakini maneno yote ni yangu! Mbona "What Child Is This" imekalia tuni ya Greensleeves, wimbo wa kale wa Kiingereza, na hakuna anayelalamika?

Besi_Nzito: Kumbe waumini hawajapotea, kimoyomoyo wanaimba maneno ya mwenyewe 😂

DadaSolfa: Greensleeves ilijulikana tangu 1580, maneno ya "What Child Is This" ya William Dix yamekuja 1865. Haikuwa na wa kudai. Mtunzi wa tuni yako yuko hai, na Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda kazi angalau miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Kubadili maneno hakukupi tuni.

Hakiki: Hii chai. Mwalimu wa kwaya anayetaja 8.7.8.7 halafu mstari una tisa? Na tuni hataki kuitaja jina. Mnatungiwa stori ili mgombane na hakimiliki.

Mpambe_wa_Tenzi: Si chai. Nimeshachapa nakala 80, sauti zote nne zimeshika. Tisa ni kwa sababu msanii anasukuma silabi mbili kwenye pigo moja, nami nikamfuata. Siku tisa hazitoshi kuanza upya.

Kinanda88: Maneno ya "Silent Night" padre Joseph Mohr aliyaandika 1816. Mpiga kinanda Franz Gruber aliyatilia tuni 24 Desemba 1818, ikaimbwa usiku uleule kwa sauti mbili na gitaa. Kwa hiyo baki na maneno uliyosahihisha, tafuta tuni ya zamani ya 8.8.8.8. Angalia iwe inaanza na pigo zito. Nyingi za mizani hiyo huanza na pigo jepesi, ukichukua mojawapo umerudi kulekule. Kabla ya ibada fundisha kiitikio dakika tano, sauti ya kwanza tu, bila kinanda. Sauti nne ziingie ubeti wa tatu, waumini wakishaushika.

Mpambe_wa_Tenzi: Na nakala 80?

DadaSolfa: Umechapa upande mmoja au miwili?

Mpambe_wa_Tenzi: Mmoja.

DadaSolfa: Geuza.