Huu mto Nairobi una mwanzo kweli ama ni mtaro tu?

Mpita Daraja: Wadau habari zenu. Kila asubuhi nashuka Kirinyaga Road natembea hadi Gikomba, nikifika kwa daraja nafunga pua napita mbio. Juzi mtoto wangu wa gredi 3 akaniuliza hayo maji yanatoka wapi, nikamwambia kwa mitaro ya tao, akanicheka ati mwalimu alisema ni mto. Sasa nani anajua?

Kijana wa Kikuyu: Una mwanzo bana, unatoka Ondiri, kinamasi kiko hapa kwetu Kikuyu. Juu ni nyasi tupu, ukikanyaga unaskia chini panacheza kama godoro kwa sababu huko chini ni maji, tulikuwa tunachapwa tukipatikana hapo. Hiyo rangi ya Gikomba huioni huku. Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, maji baridi, hawakuwa wanatania. Ukishuka unapita Dagoretti, Kawangware, Chiromo, Museum Hill, na huko njiani kila mtu anaongeza yake.

Mtu wa Dandora: Na si mmoja. Mathare unaingia huku kwetu upande wa Korogocho, halafu ule wa Ngong unaopita Kibera, Nairobi Dam na Mukuru unakutana na huu wa Nairobi kule Njiru. Ndio maana kukinyesha huko juu Dagoretti sisi huku hatulali hata kama kwetu ni kukavu. 2024 mwezi wa nne niliamka sufuria zinaelea, kidogo tena tukaambiwa tuko ndani ya mita 30 za mto tuhame.

Mpita Daraja: Pole sana ndugu. Na ukitoka Njiru?

Mwana wa Malindi: Hapo niachieni. Wapita Ruai, waingia mto Athi upande wa Ol Donyo Sabuk, Athi ukikutana na mto Tsavo waitwa Galana, ukifika huku kwetu ni Sabaki, wamwaga baharini kaskazini ya Malindi. Mvua ikipiga bara, bahari yetu yageuka rangi ya chai ya maziwa. Mwingi ni udongo wa mashamba, lakini bado, nyinyi mwafunga pua darajani, sisi twaogelea 😂

Mpita Daraja: Woi 😂 nimemsomea mtoto yote, Sabaki hata hajaskia, anataka Jumamosi twende Ondiri akaruke ruke.

Kijana wa Kikuyu: Mlete, lakini mshike mkono.